Moja Funga, Mbili Fungua

Kiungo cha paipu kilichoshikwa na kutu usianze kwa kukilegeza. Kikaze kwanza, kidogo tu, hadi uhisi kutu ikikatika, ndipo urudi nyuma. Nimewaona vijana wenye misuli wakining'inia kwenye spana kama nguo kwenye kamba, wanalegeza tangu asubuhi na kiungo hakisogei. Kukikaza kidogo kunachukua muda wa kumeza mate. Naanza na hilo kwa sababu najua wengine wenu mtaacha kusoma hapa, na sitaki muondoke mikono mitupu.

Nilifanya kazi ya mabomba kwenye mitaa ya Eastlands tangu nilipomaliza kidato cha nne hadi magoti yaliponikatalia. Sijafika miaka hamsini. Watu wakisikia nimestaafu hutazama nywele, kisha hutazama mikono, halafu huamini. Sina nyumba ninayoweza kusema ni kwangu. Nimekaa Jericho, nikahamia Huruma, nikapanga chumba Buruburu nyuma ya nyumba ya mama mmoja aliyefuga kuku, nikarudi tena Jericho. Siku hizi natembea tu. Natoka asubuhi bila kujua ninakoelekea, na jioni najikuta nimesimama chini ya ghorofa fulani nikitazama paipu zinavyopanda ukutani, nikitafuta ile niliyoifunga mimi. Mlinzi mmoja aliniuliza nataka nini hapo. Nikamwambia hizi paipu ni kazi yangu. Akasema, "Sawa mzee, lakini usisimame hapo."

Haya basi, nyinyi mnaoanza, nisikilizeni.

Kupima. Mnapenda sana utepe wa kupimia, mnasoma namba, mnashuka nayo ngazi kichwani, mtu anawasalimu njiani, mnafika chini mnakata paipu fupi. Chukua kijiti cha ufagio. Kiweke pale paipu itakapokaa, kikate sawa na nafasi ile, shuka nacho. Kijiti hakisalimiwi.

Ukichonga meno kwenye paipu ya chuma, zungusha mbele mara moja, rudi nyuma nusu, ili vumbi la chuma lianguke. Tia oili. Oili ikikosekana, sabuni ya kipande inatosha. Na kabla hujazungushia nyuzi zako za katani na rangi ya kuzuia uvujaji, kwaruza yale meno kidogo kwa wembe wa msumeno wa chuma. Meno laini yanaitelezesha katani, yaliyokwaruzwa yanaishika. Wengi hawafanyi hivi, kisha wanalaumu katani.

Mkate je? Huu mnaufahamu? Paipu ya plastiki inachomwa kwa moto wa mashine ili ishikane, na haishikani ikiwa na maji. Sasa valvu za zamani hazifungi kabisa, kuna tone linaloendelea kudondoka, na wewe unangoja tone liishe kama anayengoja deni. Usingoje. Chukua nyama ya mkate mweupe, uifinyange, uisukume ndani ya paipu. Itazuia tone kwa dakika chache, utachoma, utafungua maji, na mkate utayeyuka utoke kwenye mfereji. Lakini mkate, jamani. Kulikuwa na fundi mmoja tuliyemwita Profesa, alikosa mkate akatumia chapati. Chapati haiyeyuki. Ilisafiri nzima nzima hadi kwenye bomba la mvua la bafuni, na mwenye nyumba, mzee wa ofisi, akaoga vipande vya unga siku mbili kabla hajaelewa kwamba si ngozi yake inayobanduka.

Aliyenifundisha mengi ya haya ni Oduor. Alinizidi miaka kama kumi na mitano, mtu wa Siaya, mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Tulikutana Huruma, kwenye ploti moja ya nyumba za kupanga ambako kila mmoja wetu alikuwa ameitwa kutengeneza paipu ile ile. Mwenye ploti alitaka tushindane apate bei ya chini. Oduor hakumjibu. Alinitazama akasema, "Omera, wewe shika juu, mimi nishike chini." Omera kwao ni ndugu. Tukashika hivyo miaka mingi kuliko ndoa nyingi ninazozifahamu.

Kushika juu na chini ndiyo kazi yenyewe. Ghorofa za Huruma hazina lifti. Valvu kuu iko chini karibu na choo cha nje, na paipu inayovuja iko juu kabisa. Ukiwa peke yako, unafunga maji, unapanda, unagundua bado yanatoka, unashuka, unafunga zaidi, unapanda. Mkiwa wawili, mmoja anabaki kwenye valvu. Lakini yule wa juu atamwambiaje wa chini? Simu wakati ule zilikuwa za watu wenye mikoba. Ukipiga kelele dirishani, nusu ya mtaa inakujibu isipokuwa mwenzako.

Tuligonga paipu. Chuma kinabeba sauti vizuri mno. Ukiigonga paipu kwa spana ghorofa ya tano, aliye chini anaipata kana kwamba umemgonga begani. Moja, funga. Mbili, fungua. Tatu, panda tule. Tuliokoa ngazi nyingi kwa namna hiyo, na nadhani magoti yangu yangekufa mapema zaidi bila ile hesabu ya watoto wa chekechea.

Ilitudanganya mara moja. Nilikuwa juu kwa mama mmoja, Mama Brayo, nimefungua kiungo, paipu iko wazi mbele ya uso wangu kama mdomo. Hatukujua kwamba pale chini kulikuwa na bucha, na kwamba gogo la kukatia nyama lilikuwa limeegemezwa kwenye ukuta ambamo paipu yetu inapita. Mteja akaagiza mifupa. Mchinjaji akapiga shoka mara mbili. Oduor akafungua maji.

Yalinipiga kifuani, yakanipita, yakaenda kwenye makochi. Mama Brayo alisimama mlangoni, kitambaa mkononi, hakupandisha sauti. Aliniambia, "Fundi, nilikuita unitengenezee bomba. Viti nilikuwa nimeshaviosha."

Tangu siku hiyo tukaongeza jambo: kwaruza kwanza paipu kwa ubapa wa spana, kisha ndipo ugonge. Mchinjaji hakwaruzi. Nilicheka sana wakati huo, na Oduor alicheka pia, lakini nilijiuliza. Shoka kwenye gogo na spana kwenye chuma ni sauti mbili tofauti kabisa. Mtu wa kazi kama yeye angewezaje kuzichanganya?

Alikuwa na namna zake. Kutafuta mahali maji yanapovujia chini ya sakafu, fundi huweka ncha ya bisibisi kwenye paipu na mpini sikioni, akasikiliza mvumo. Oduor aliuma mpini kwa meno. Anafumba macho, anauma, anasogea hatua, anauma tena, halafu anaonyesha kwa kidole: hapa. Hakukosea. Nilidhani ni ujuzi wa hali ya juu nikauiga, na kwa kweli ni mzuri. Jaribuni siku moja. Mvumo unapanda kwenye mfupa wa taya hadi kichwani. Tena kila alipoketi kwenye valvu alikuwa ameshika paipu kwa kiganja kizima, hata anapokunywa chai kwa mkono mwingine. Nilidhani anapenda baridi ya chuma.

Siku moja tulikuwa tunatoka sokoni Jericho, maandazi kwenye gazeti, yeye mbele, mimi nyuma. Bodaboda ikaja kwa kasi nyuma yake ikipiga honi mfululizo. Kila mtu aliruka. Oduor hakugeuza hata shingo. Nilimvuta koti, tukaanguka wote wawili kwenye meza ya mama wa nyanya.

Tulipomaliza kuokota nyanya za watu, aliketi kwenye ukingo wa barabara. Alinitazama mdomoni, si machoni, na hapo nikajua kwamba siku zote amekuwa akinitazama mdomoni.

"Umejua," akasema.

"Nimejua."

"Basi kaa nayo."

Niliinama kufunga kamba ya kiatu, nikamuuliza tangu lini. Hakujibu. Nikakumbuka, nikainua uso, nikauliza tena. Alisema sikio la kushoto liliondoka kwanza, polepole, baada ya miaka ya nyundo na patasi ndani ya matangi na vyoo visivyo na nafasi. La kulia likalifuata. Kugonga kwangu hakukusikia, alikuhisi kiganjani. Kwa hiyo shoka na spana kwake vilikuwa kitu kimoja. Alikuwa na mke na watoto nyumbani Siaya, na kule hakuna aliyejua. Hapa mjini, nani angempa kiziwi valvu ya ghorofa nzima? Angejulikana, kazi ingekwisha siku hiyo hiyo. Hakunisihi nimfichie siri. Alinieleza tu jinsi mambo yalivyo, kisha akala andazi lake.

Kwa hiyo nikawa masikio yake, na hakuna aliyetugundua kwa muda mrefu. Nilisimama mahali anapoweza kuuona uso wangu. Mwenye nyumba akieleza tatizo, nilimgeukia Oduor nikarudia kila neno polepole, kama ninayehakikisha: unasema mfereji wa jikoni, unavuja usiku, ukifungwa unalia? Watu waliniona mzito. Mama mmoja wa Buruburu alimvuta Oduor kando akamwambia, akimkodolea macho kwa huruma, "Mvumilie huyu mwenzako. Si kila mtu alijaliwa kuelewa haraka." Oduor aliyasoma vizuri mdomoni mwake. Alinikumbusha maneno hayo kwa miaka.

Akinyi, binti mkubwa wa Oduor, akipiga simu, babake alinipa mimi. "Mwambie niko juu ya ngazi." Nilijua habari za nyumba ile, nani ameugua, nani amefaulu, ng'ombe gani amezaa, kuliko za kwetu. Wakati mwingine nilijikuta nazungumza na Akinyi nikiwa nimesahau kwamba si mimi aliyepigiwa.

Halafu ikaja plastiki.

Sisemi ni mbaya. Hailiwi na kutu, ni nyepesi, unaichoma na kuondoka. Kazi ya siku mbili inakuwa ya asubuhi. Lakini siku ya kwanza tulipofunga plastiki kutoka chini hadi juu, Oduor aliishika kwa viganja vyote viwili, na mimi nikapanda nikaigonga kwa spana kwa nguvu zangu zote. Nilikuwa kama ninayepiga godoro. Niliposhuka, alitikisa kichwa.

"Hii haina mtu ndani," akasema.

Tulihangaika. Mwisho ni yeye aliyepata njia. Simu zilikuwa zimejaa mtaani, kila mtu na yake, basi akaiweka yake kwenye mtetemo, ndani ya mfuko wa shati, juu ya moyo. Mimi nilimpigia na kukata kabla hajapokea. Mara moja, funga. Mara mbili, fungua. Hesabu ile ile ya zamani, bila gharama, na hata kutoka ghorofa ya saba ilifika. Aliniambia inamwasha kama kunguni, lakini inafika. Tulifanya kazi hivyo, na nilianza kuamini kwamba tumeokoka.

Tulipata mjengo mkubwa, ghorofa mpya zilizokaribia kukamilika, dari zimeshawekwa, nyaya za umeme zimeshapitishwa. Msimamizi alikuwa kijana mstaarabu. Alitusalimu kwa kutushika mkono, tena alimwita Oduor mzee. Ilikuwa siku ya kujaza maji mara ya kwanza. Oduor alikuwa kwenye valvu chini. Mimi nilikuwa ghorofa ya tatu, nimeona kiungo kimoja hakikuchomwa vizuri, nimekikata ili nikichome upya. Nilikuwa sijampigia. Maji yalikuwa yamefungwa na yalipaswa kubaki hivyo.

Akinyi alipiga simu. Ilitetemeka, ikakatika. Oduor alidhani ni mimi namwambia funga, akaangalia valvu, imefungwa, akatulia. Akinyi akapiga tena. Hiyo ikawa ya pili.

Niliona paipu ikikohoa hewa mbele yangu, na niliijua sauti hiyo. Nilijaribu kuziba kwa kiganja. Maji yalipita kati ya vidole, yakashuka ukutani, yakaingia kwenye dari ya ghorofa ya pili na kwenye nyaya. Nilimpigia mara moja, mara moja tu, lakini kwake simu ilikuwa imeshatetemeka sana na hakujua tena ahesabu kuanzia wapi. Nilishuka mbio. Nilipofika, msimamizi alikuwa amenitangulia na amefunga valvu kwa mikono yake.

Alikuwa anamuuliza Oduor kwa nini alifungua bila kuambiwa. Hakuwa anafoka. Aliuliza, akauliza tena, na alikuwa ameinamisha uso akipangusa maji kwenye suruali, kwa hiyo mdomo wake haukuonekana. Nilisogea mbele nikaanza kurudia kama kawaida yangu: unauliza ni nani aliyesema afungue?

Oduor aliniwekea mkono kifuani.

"Omera, wacha," akasema. Kisha akamgeukia yule kijana. "Sisikii, mkubwa. Ulichokisema sijakisikia. Niliacha kusikia kitambo."

Kijana aliacha kupangusa suruali. Alinitazama mimi, akamtazama yeye, na nilimwona akiyapanga mambo yote upya kichwani. Aliinua uso vizuri ili uonekane, akasema polepole kwamba anasikitika, kwamba hapa pana umeme na watu, hawezi. Oduor akaitikia kwa kichwa. Alivua glavu, akazifunga pamoja, akaniuliza ni nani aliyekuwa akipiga simu.

Nilimpigia Akinyi. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, wa kwanza, na alitaka babake awe mtu wa kwanza kujua. Nikamweleza Oduor, uso kwa uso, katikati ya yale maji. Aliniomba nirudie, si kwamba hakuelewa. Jioni ile alimwambia Akinyi mwenyewe kuhusu masikio, yeye akisema na mimi nikimsikilizia majibu, nami nilikuwa wa kwanza kumsikia binti yule akilia. Wiki haikuisha Oduor akawa ameshahama chumba chake cha Huruma na kwenda nyumbani.

Mimi nilibaki. Nilipewa wenzangu wengine, wazuri tu. Mmoja aliziba masikio yote mawili kwa spika za muziki mchana kutwa, kiziwi wa kujitakia, na ukimgusa bega anaruka. Mwingine alijibu simu kila mara, vizuri: funga, nimefunga, fungua, nimefungua, sawa. Hapakuwa na kosa lolote. Tulikaa miezi na sikujua ana watoto wangapi, naye hakujua niko mtaa gani. Vijana wangu, nimewafundisha kijiti na mkate na katani, na hayo mtayakumbuka. Lakini njia ya mkato kubwa kuliko zote ni mtu anayejua utakachofanya kabla hujakifanya, na huyo humnunui kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Baadaye nikaacha kutafuta mwenza. Kazi ndogo ndogo za vyumba nilizifanya mwenyewe, na hapo ndipo magoti yalipomalizika.

Mwezi wa mwisho wa kazi nilikwenda Siaya. Nilimkuta chini ya kivuli cha nyumba yake, kofia ile ile, mjukuu amelala mapajani. Mkewe alinisalimu kwa jina langu, ingawa hatukuwa tumewahi kuonana. Alinifahamu kwa sauti, kutokana na simu. Oduor aliniuliza habari za Huruma, za yule mchinjaji, za Mama Brayo. Nilimjibu nikiwa nimemwelekea vizuri. Kisha akaniuliza siku hizi nashika na nani.

"Peke yangu."

"Na chini?"

"Chini pia mimi."

Alifikiri. "Kwa hiyo unafunga, unapanda, unakaza, unashuka, unafungua, halafu unapanda tena kuangalia."

"Ndiyo."

"Na ukikuta inavuja?"

"Nashuka tena."

Nilidhani atacheka. Alitazama mikono yangu, kisha akageuza uso upande wa shamba, ambako mahindi yalikuwa yameanza kukauka, akakaa hivyo. Alipogeuka hivyo hakuweza tena kunielewa, na sote wawili tulilijua hilo. Nikazungumza. Nilimwambia, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba sijapata tena mtu wa kufanya naye kazi kama yeye, na kwamba vyumba ninavyopanga siku hizi nikirudi jioni hakuna anayejua kama nimerudi. Nilisema yote hadi mwisho. Sikumgusa bega ageuke. Mtoto alijinyoosha, akalala tena.

Oduor alipogeuka mwenyewe, aliniuliza kama nitakunywa chai ama nitangoja ugali.

Nikamwambia nitangoja ugali.